Mwamba Ngoma Huvutia Kwake: Somo juu ya Warumi 13



Wazee wetu walisema, Mwamba ngoma huvutia kwake. Mtu awambaye ngozi juu ya mzinga huishika ncha iliyo karibu naye, na kila avutapo, ngozi huja upande wake. Hafanyi hivyo kwa hila, ndivyo alivyokaa. Katika somo hili twataka kuonyesha ya kuwa mithali hii ni kweli hata kwa wasomao Biblia. Hakuna mtu ajaye mbele ya Neno la Mungu hali hana kitu mkononi. Huja na imani aliyofundishwa tangu utoto, huja na hofu yake na matumaini yake, tena huja na mahali pake katika nchi. Huyu ni mwenye kutawala, yule ni mwenye kutawaliwa. Huyu serikali imempa shamba, yule imemnyang'anya. Mambo hayo yote hushika ncha ya ngozi na kuvuta.

Hatusemi haya ili kuyapunguzia Maandiko heshima. Neno la Mungu halibadiliki. Masikio yetu ndiyo yanayosikia maneno mengine kwa nguvu na mengine kwa mbali. Basi yatupasa kujua jambo hili, maana mtu asiyejua ya kuwa anavuta hawezi kulegeza mkono wake.

Ili tusiseme maneno ya hewani, tumechagua fungu moja tu, yaani Warumi 13, aya ya 1 mpaka ya 7, juu ya wenye mamlaka. Sababu zetu ni mbili. Kwanza, fungu hili ni letu sisi Walutheri kwa namna ya pekee, kwa kuwa Martin Luther alitia aya zake za kwanza katika orodha ya wajibu iliyo mwishoni mwa Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529. Wamisionari waliotuletea Injili walikuja nayo, na watoto wetu wa Kipaimara wameipokea. Pili, ni machache sana katika Agano Jipya yaliyovutwa huku na huku kama maneno haya. Wafalme wameyashika, na waasi wa wafalme wameyashika vile vile.

I. Mtume aliandika nini, naye alikuwa wapi?

Paulo aliwaandikia Warumi yapata mwaka 57. Kaisari wa siku zile alikuwa Nero, aliyetawala tangu mwaka 54 hata mwaka 68. Miaka michache kabla yake Kaisari Klaudio alikuwa amewafukuza Wayahudi katika mji wa Rumi. Akila na Prisila walikuwa miongoni mwao, kama tusomavyo katika Matendo 18:2. Basi waliopokea waraka ule walikuwa watu wachache, wasio na kiti katika baraza wala askari hata mmoja. Na mwandishi mwenyewe alikuwa mtu aliyekwisha kupigwa kwa bakora mara tatu (2 Wakorintho 11:25). Sharti tulikumbuke jambo hili. Maneno ya Warumi 13 hayakutoka katika kinywa cha mtawala akiwaagiza raia zake. Yalitoka kwa mtu mnyonge akiwashauri wanyonge wenzake jinsi ya kukaa katika mji wenye hatari.

Sasa tuangalie asemavyo. Asema ya kuwa mamlaka yatoka kwa Mungu. Neno hili lampa mtawala heshima, na papo hapo lampunguzia kiburi, kwa maana kilichotoka kwa Mungu si Mungu. Kisha amwita mtawala mtumishi. Katika lugha ya Kiyunani neno lile ni lile lile alitumialo Mtume katika mlango wa 16 amtajapo Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea. Tena aeleza kazi ya mtumishi huyu: kuwafaa watu kwa mema, na kumzuia atendaye mabaya. Mwisho aagiza kila mtu apewe haki yake, wa kodi kodi, na wa heshima heshima.

Tulitazame pia neno la aya ya kwanza. Biblia yetu hutumia neno "kutii". Ni neno jema, lakini Kiyunani kina maneno mawili hapa. Moja ni lile la Waefeso 6:1, watoto kuwasikiliza wazazi wao na kufanya waambiwalo. La pili, ambalo ndilo la Warumi 13, maana yake ni kujiweka chini, kukaa katika mpango uliowekwa. Tofauti yake si ndogo. Mtu aweza kukaa chini ya mamlaka, asichukue panga wala kuukimbia mji, na huku akakataa amri moja iliyo mbaya na kuivumilia adhabu yake. Ndivyo walivyofanya wale vijana watatu mbele ya sanamu ya Nebukadreza, na ndivyo alivyofanya Danieli.

Tena tusilikate fungu hili kama mtu akataye kitambaa katikati. Kabla yake, katika mlango wa 12, Paulo awafundisha kuwabariki wanaowaudhi na kutolipiza kisasi. Baada yake, katika 13:8-10, asema deni lisilokwisha ni pendo, na pendo halimfanyii jirani ubaya. Maagizo juu ya wenye mamlaka yamekaa kati ya mapendo na mapendo. Mtu akiyatumia kumtendea jirani ubaya, ameyang'oa katika udongo wake.

Na tusimame mbele ya Maandiko yote. Wakunga Shifra na Pua walimcha Mungu kuliko Farao (Kutoka 1). Samweli aliwaonya Israeli juu ya mfalme atakayewatwalia wana na mashamba (1 Samweli 8). Eliya alimkabili Ahabu kwa ajili ya shamba la Nabothi (1 Wafalme 21). Petro na mitume walisema mbele ya baraza ya kuwa Mungu ndiye wa kutiiwa kwanza (Matendo 5:29). Paulo mwenyewe kule Filipi hakukubali kutolewa gerezani kwa siri. Aliwataka makadhi waje wenyewe kumtoa, kwa kuwa walimpiga bila hukumu (Matendo 16:37). Na Yohana katika Ufunuo 13 amwona mnyama atokaye baharini akidai kusujudiwa. Dola ni ile ile ya Rumi! Katika Warumi 13 ni mtumishi, na katika Ufunuo 13 ni mnyama. Maandiko hayagombani hapa. Yatufundisha ya kuwa mtumishi aweza kugeuka kuwa mnyama siku atakapoutaka utukufu ulio wa Mungu peke yake. Mapokeo ya Kanisa yasema ya kuwa Paulo aliuawa Rumi kwa upanga siku za Nero. Basi yeye aliyeandika juu ya upanga wa mamlaka alijua vema ya kuwa upanga ule waweza kukosa njia.

II. Ujerumani, miaka ya 1523 hata 1525

Tuje kwa baba yetu Luther. Mwaka 1522 alitoa Agano Jipya katika Kijerumani, na Georg, mkuu wa Saksonia upande wa pili, akakataza lisiuzwe, akaamuru waliolinunua walirudishe. Mwaka 1523 Luther aliandika kitabu juu ya mamlaka ya dunia na mpaka wa kuitii. Aliisoma Warumi 13 akasema, naam, mamlaka ni ya Mungu. Lakini yana mpaka. Yatawala mwili na mali, hayatawali roho. Kwa hiyo Mkristo asiwapelekee kitabu kile kwa mkono wake. Lakini wakija kukitwaa kwa nguvu, asiwapige. Angalieni: wakati huo mwenye kuonewa alikuwa Luther na Neno alilolitafsiri, naye aliusikia mpaka uliomo katika Warumi 13 kwa masikio mazima.

Miaka miwili ikapita. Mwezi wa Machi 1525 wakulima wa upande wa kusini walikutana katika mji wa Memmingen wakaandika maombi 12. Walitaka kumchagua mchungaji wao wenyewe; walitaka kuachiwa utumwa wa mashamba, kwa kuwa Kristo amewanunua watu wote kwa damu yake; walitaka kuni za misitu na samaki wa mito, na kurudishiwa ardhi ya kijiji iliyotwaliwa na wakuu. Waliyategemeza maombi yao kwa mafungu ya Biblia, wakasema mwishoni ya kuwa likionyeshwa katika Maandiko kwamba ombi moja si la haki, wataliacha.

Mwezi wa Aprili Luther aliwajibu. Kwanza aliwakemea wakuu kwa maneno makali ya kuwa wamewanyonya watu. Lakini hakukubali uhuru wa Injili ufanywe kuwa uhuru wa mwili, wala wakulima washike silaha. Kisha vita vilienea, ngome na nyumba za watawa zikachomwa, na mwezi wa Mei Luther aliandika kitabu kingine cha kutisha, akiwahimiza wakuu wawapige wakulima bila kukawia. Warumi 13 ndiyo iliyokuwa mkononi mwake. Siku ya 15 Mei 1525, karibu na Frankenhausen, maelfu ya wakulima waliuawa, nao wengi hawakujua vita. Katika vita vyote vya wakulima, hesabu ya waliokufa hukadiriwa hata kufika 100,000.

Na upande wa wakulima? Kiongozi wao kule Frankenhausen, Thomas Müntzer, naye alikuwa na Warumi 13 yake. Mwezi wa Julai 1524 alihubiri mbele ya wakuu katika ngome ya Allstedt kutoka Danieli 2. Alisema upanga wa Warumi 13 umetolewa ili kuwaangamiza wasiomcha Mungu, na wakuu wasipoutumia hivyo, watanyang'anywa. Mpaka ambao Luther aliuona mwaka 1523 Müntzer hakuuona kabisa.

Basi mafundisho yake ni nini? Fungu ni moja, miaka haizidi mitatu, na ngozi imevutwa pande tatu. Hatumhukumu Luther kama watu wasio na shukrani. Lakini twajua ya kuwa mkuu wa Saksonia, Friedrich, ndiye aliyemficha katika ngome ya Wartburg mwaka 1521 alipotafutwa, na pasipo ulinzi wa wakuu matengenezo ya Kanisa yangaliweza kuzimwa. Mtu aliyekingwa na mvua chini ya paa la tajiri huona vigumu kusema ya kuwa paa lile lavuja kwa wengine. Luther mwenyewe alitufundisha kumpima kila mwalimu kwa Maandiko, naye hakujitoa katika hesabu ya waalimu hao.

III. Katekisimo moja, nchi mbili

Twende mbele miaka 400. Tarehe 30 Januari 1933 Adolf Hitler alifanywa mkuu wa serikali ya Ujerumani. Wakristo wengi walishangilia. Walikuwa wameonja aibu ya kushindwa katika vita vya 1914 hata 1918, njaa, na ukosefu wa kazi. Na huyu aliahidi kuwainua. Chama kilichojiita Wakristo Wajerumani kilitaka Kanisa lifuate damu na taifa. Mwezi wa Septemba 1933 sinodi ya Kanisa la Prusia ilikata shauri ya kuwa mchungaji mwenye asili ya Kiyahudi asiwe na kazi kanisani. Mwezi wa Novemba, katika mkutano mkubwa mjini Berlin, msemaji wao mmoja alitaka Agano la Kale liondolewe. Hapo waliokuwa wamelala wakaanza kuamka.

Tarehe 29 hata 31 Mei 1934 wajumbe wa makanisa ya Kilutheri, ya Kireformed na ya Muungano walikutana Barmen, wakaungama ya kuwa Yesu Kristo ndiye Neno moja la Mungu lipasalo kusikiwa na kutiiwa, na ya kuwa dola isijifanye kuwa utaratibu wote wa maisha ya binadamu. Lakini mwezi ule uliofuata waalimu wawili mashuhuri wa Kilutheri, Werner Elert na Paul Althaus, pamoja na wenzao, walitoa waraka wa Ansbach kuwapinga. Walisema sheria ya Mungu yatufikia pia katika jamaa, taifa na damu, wakamshukuru Mungu kwa mtawala waliyepewa. Watu hawa hawakuwa wajinga. Walikuwa wamesoma Luther na Paulo kuliko sisi sote. Elimu yao haikuwazuia kuvuta ngozi. Iliwapa tu mkono wenye nguvu zaidi.

Wala wale wa Barmen hawakuwa na masikio yasiyo na kizibo. Katika maungamo yao hamna neno juu ya Wayahudi waliokuwa wakiteswa mlangoni pao. Mwezi wa Oktoba 1945, huko Stuttgart, viongozi wa Kanisa la Ujerumani walikiri ya kuwa hawakuwa na ushujaa wa kutosha katika kuungama, wala uaminifu wa kutosha katika kuomba, wala mapendo ya kutosha.

Sasa tutazame Norwei, nchi ya Walutheri, yenye Katekisimo ile ile. Mwezi wa Aprili 1940 majeshi ya Ujerumani yaliiingia, na mwezi wa Februari 1942 Vidkun Quisling, mtu wa nchi aliyeshirikiana na adui, alifanywa mkuu wa serikali. Akataka watoto wote waingizwe katika chama chake cha vijana. Askofu Eivind Berggrav wa Oslo alikuwa amekwisha kufundisha, katika hotuba yake ya mwaka 1941, ya kuwa mwendesha gari akishikwa na wazimu, haifai abiria wakae kimya wakisema gari ni lake. Naye aliyatafuta hayo katika maandiko ya Luther yule yule. Mwezi wa Februari 1942 maaskofu waliacha vyeo vya serikali. Siku ya Pasaka, tarehe 5 Aprili 1942, tamko lililoitwa Msingi wa Kanisa lilisomwa makanisani, na wachungaji wengi sana waliacha kazi na mshahara wa serikali, huku wakiendelea kuzihudumia sharika zao. Hawakushika silaha. Walikaa chini ya mamlaka kwa kuadhibiwa, si kwa kukubali. Askofu Berggrav alifungiwa katika nyumba ndogo msituni karibu miaka mitatu.

Kwa nini Walutheri wa nchi hii walisikia, na wengi wa nchi ile hawakusikia? Je, watu wa Norwei ni wema kwa asili? Sivyo. Mtawala wa Norwei aliletwa na wageni, na yule wa Ujerumani alikuwa wa taifa lenyewe. Ni rahisi kumtambua mnyama ajapo na bendera ya kigeni. Ni vigumu mno kumtambua ajapo na bendera yetu wenyewe, akisema lugha yetu, akituahidi kutuondolea aibu yetu. Ndugu zetu, neno hili ndilo tupendalo mlishike kuliko mengine yote katika somo hili.

IV. Sauti ya Afrika

Mambo haya si ya Ulaya tu. Nchi iitwayo leo Namibia ilikuwa chini ya Afrika Kusini, na sehemu kubwa ya Wakristo wake ni Walutheri. Vijana wao walichukuliwa kazini kwa mkataba, mbali na wake na watoto, wasiweze kuchagua kazi wala mahali. Tarehe 21 Juni 1971 Mahakama ya Dunia kule The Hague ilisema ya kuwa Afrika Kusini haina haki ya kukaa huko. Siku tisa baadaye, tarehe 30 Juni, viongozi wawili wa makanisa ya Kilutheri, Askofu Leonard Auala na Mchungaji Paulus Gowaseb, walimwandikia waraka wa wazi Waziri Mkuu Vorster. Walieleza jinsi haki za watu zilivyokanyagwa na jamaa zilivyovunjwa kwa kazi ya mkataba. Waraka ulisomwa makanisani.

Hapa twaona Warumi 13 ikisomwa na watu walio mahali pa wale Warumi wa kwanza. Hawakumtukana mtawala wala hawakuita watu kwenye upanga. Walimwandikia kama mtu mwenye wajibu, wakamkumbusha kazi ya mtumishi. Kumwambia mtumishi ya kuwa ameacha kazi aliyotumwa si kumvunjia heshima. Ni kuikiri heshima ya Yeye aliyemtuma. Mwezi wa Mei 1973 nyumba ya kupigia chapa ya Kanisa kule Oniipa ililipuliwa. Ninyi msomao gazeti la Kanisa mwaweza kufahamu uchungu wa habari hiyo. Ikajengwa tena. Na tarehe 21 Machi 1990 Namibia ikawa huru.

Katika Afrika Kusini yenyewe walikuwako Walutheri weupe walioikariri Katekisimo hiyo hiyo, wala hawakuona ubaya wa kugawana Meza ya Bwana kwa rangi. Mwezi wa Juni 1977 Shirikisho la Walutheri Duniani lilifanya mkutano wake mkuu hapa kwetu, Dar es Salaam. Huko ndiko lilikotamka ya kuwa utengano ule wa rangi si jambo la siasa tu ambalo kila mtu aweza kuwa na maoni yake. Ni jambo la kuungama imani. Katika mkutano huo Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alichaguliwa kuwa Rais wa Shirikisho, Mwafrika wa kwanza. Mwaka 1984, kule Budapest, makanisa mawili ya weupe ya Afrika ya Kusini yalisimamishwa uanachama. Na mwaka 1985 kundi la watheolojia wa Afrika Kusini lilitoa Hati ya Kairos, likiwalaumu wale waliowasomea watu Warumi 13 kana kwamba Paulo alikuwa amebariki kila serikali na kila amri.

V. Basi tusomeje?

Mtu atauliza: Ikiwa kila msomaji anavuta, je, kuna njia ya kuwamba ngoma sawasawa? Iko. Fundi mwema hawambi kwa ncha moja; huzunguka mzinga, akivuta huku na kuvuta huku, mpaka ngozi ikae sawa na sauti itoke. Twatoa mashauri manne.

Kwanza, soma yaliyotangulia na yaliyofuata. Atakayekuomba usome Warumi 13:1-7 mbele ya watu, msomee tangu 12:9 hata 13:10. Kama alitafuta Neno la Mungu, atafurahi. Kama alitafuta fimbo, atakasirika, nawe utakuwa umejua.

Pili, weka fungu karibu na ndugu zake. Warumi 13 na Ufunuo 13 zikae juu ya meza moja, na Matendo 5 kati yao. Asomaye la kwanza tu atakuwa mtumwa wa wakubwa. Asomaye la pili tu atamwona mnyama katika kila karani wa kodi, na kumbe karani afanya kazi yake.

Tatu, jiulize: Maana hii niliyoipata inamgharimu nani? Ikiwa kila mara hasara ni ya jirani na faida ni yangu, basi mkono wangu umevuta. Maana ya kweli ya Neno la Mungu kwa kawaida huanza kumhukumu yule alisomaye.

Nne, soma pamoja na yule aliye chini ya mzigo. Wakuu wa Ujerumani wangaliisoma Warumi 13 pamoja na mkulima aliyekatazwa kuni, na waalimu wa Ansbach pamoja na mchungaji mwenye asili ya Kiyahudi aliyefukuzwa, wangalisikia mengine. Katika sharika zetu wako wajane, wako wasio na shamba, wako wa kabila lililo dogo. Wasikae nyuma katika somo la Biblia.

Haya yote si habari za zamani tu. Sisi Waafrika tulisikia kwa urahisi mipaka ya mamlaka tulipotawaliwa na wageni. Leo wenye kutawala ni watoto wetu, na wengine walipata Kipaimara katika sharika zetu. Siku za uchaguzi zitakuja, na kila upande utamjia mwinjilisti. Mmoja atamwambia, "Wafundishe watu watii," naye ana maana kwamba wasiulize. Mwingine atamwambia, "Wafundishe ya kuwa serikali hii ni mnyama," naye ana maana kwamba kiti kile akalie yeye. Siku nyingine itakuwa habari ya shamba, na mwenye nguvu atataka Kanisa libariki alivyolitwaa. Mwinjilisti aliyejifunza fungu hili nusu atajibu kwa nusu, na watu wataumia. Aliyejifunza lote ataweza kuwaombea wenye mamlaka Jumapili, kulipa kodi Jumatatu, na Jumanne kumwambia mkubwa kwa heshima ya kuwa shamba la Nabothi ni la Nabothi.

Wala tusiseme ya kuwa Kanisa lisijihusishe na siasa kabisa. Asemaye hivyo naye amechagua, maana aliyenyamaza hukaa upande wa mwenye nguvu, hata kama hakukusudia. Tusiseme pia ya kuwa mimbara ni jukwaa la chama. Mimbara ni ya Kristo, na vyama vyote hukaa chini yake kusikia.

Maswali ya kuzungumza katika mkutano wa waalimu na wainjilisti

1. Soma Warumi 12:9 hata 13:10. Neno "pendo" lafanya kazi gani katika mafundisho juu ya wenye mamlaka?

2. Kuna tofauti gani kati ya kukaa chini ya mamlaka na kufanya kila liamriwalo? Toa mfano katika Danieli 3 na katika Matendo 16.

3. Kwa nini waliosoma Katekisimo moja walisikia maneno mbalimbali katika Ujerumani na katika Norwei?

4. Katika usharika wako, ni nani asiyesikiwa Biblia inapoelezwa? Waweza kufanya nini ili asikiwe?

5. Ukiombwa na mkubwa, au na mpinzani wake, usome fungu fulani kwa faida yake, utafanyaje bila kukosa heshima na bila kukosa uaminifu?

Bwana atupe masikio yasiyo na kizibo na mikono isiyovuta kwa pupa, ili watawala wetu wapate kuwa watumishi, na sisi tupate kuwa mashahidi, na sauti ya Neno lake isikike katika nchi yote. Amina.